Steringi wote wanakufa, na bado nimeirudia mara tatu

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Ofisi yetu iko Ilala, ghorofani, juu ya duka la nyaya na balbu, na kutwa nzima macho yangu yako kwenye mistari: ukuta huu, dirisha lile, shimo la maji taka lisisogelee kisima. Nayasema haya mapema ili ujue kwa nini Rogue One, filamu ya Star Wars, imenikaa moyoni. Watu wanaisifia kwa mapigano, wanaisifia kwa Darth Vader, yule adui wa barakoa nyeusi, kwenye ule ushoroba wa giza, na wana haki yao. Ukiyavua hayo yote, inabaki filamu ya saa 2 na dakika 13 kuhusu watu wanaohangaikia ramani ya jengo moja. Sijawahi kuiona kazi yangu ikipewa heshima namna hiyo.

Nitasimulia mpaka mwisho wake. Filamu imetoka Desemba 2016, kwa hiyo kama hujaiona mpaka leo, hasira usizilete kwangu.

Kwa mgeni wa mambo haya: filamu ya kwanza kabisa ya Star Wars, ile ya 1977, inaanza na maandishi ya njano yanayopanda juu na kupotelea kwenye nyota. Humo imo habari kwamba majasusi wa waasi wameiba ramani za siri za Death Star, ile nyota ya mauti ya Dola, utawala dhalimu wa galaksi; ni chombo kikubwa cha kulipua sayari nzima. Basi, habari yao imeishia hapo, hadithi inasonga mbele na watu wengine. Miaka mingi baadaye, John Knoll, mtu wa ufundi wa picha ambaye si mwandishi wala mwongozaji, akatoa wazo: je, hao majasusi walikuwa akina nani? Gareth Edwards akapewa kuiongoza. Ni tawi lililochipua pembeni ya shina, halimo kwenye mfululizo wa ukoo wa Skywalker, na hata yale maandishi ya njano hawakuyaweka.

Hayo maandishi yalitugombanisha mimi na rafiki yangu. Siku ile ya Desemba tulitoka kazini tukiwa na tiketi tayari, tukapanda daladala, tukakwama Ubungo. Daraja la Kijazi lilikuwa bado halijajengwa, kwa hiyo pale kwenye taa ungeweza kusoma kitabu sura mbili. Tulipoingia ukumbini filamu ilishaanza. Rafiki yangu akanuna: "Tumekosa maandishi." Nikamwambia hakuna maandishi safari hii, nilishasikia. Akasema nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyechelewa kufunga ofisi. Tukabishana kwa kunong'ona mpaka dada wa mbele akageuka.

Maandishi kweli hayakuwapo. Tulichokikosa ni kibaya zaidi. Zile dakika za mwanzo, ambazo nilikuja kuziona baadaye sana, ndizo zinazobeba filamu yote: shamba lenye ukungu na udongo mweusi, lililopigwa picha Aisilandi, mhandisi Galen Erso anajificha na mkewe na binti yao mdogo, na ofisa wa Dola aliyevaa koti jeupe anamfuata akamalizie kuchora silaha. Mke anauawa. Mtoto, Jyn, anajificha kwenye pango. Sisi tuliingia Jyn ameshakuwa mtu mzima, yuko kifungoni, ana sura ya mtu aliyechoka na dunia, na nusu saa nzima nikawa najiuliza huyu dada amekasirikia nini. Felicity Jones anamwigiza kwa kubana sana, hatoi machozi ovyo, kwa hiyo ukiukosa ule mwanzo utamwona mkavu. Nilitoka ukumbini nikimpa alama ndogo, na kosa lilikuwa langu na la foleni.

Ukumbi wenyewe siutaji. Kiyoyozi kilikuwa cha kuhifadhia samaki. Miwani ya 3D niliyopewa ilikuwa na alama za vidole vya mtu aliyekula kuku. Na zilipobaki dakika chache filamu iishe, mhudumu akafungua mlango wa pembeni ili ajiandae kufagia, mwanga wa nje ukaingia moja kwa moja kwenye ile sehemu ya Vader, sehemu ambayo kazi yake yote ni giza. Watu wakapiga miluzi. Mlango ukafungwa Vader akiwa keshamaliza.

Mara ya pili niliiona kwenye kibanda umiza Manzese, miezi mingi baadaye. Nilikuwa nimepita kumdai fundi mmoja pesa ya ramani, akanikimbilia humo, nikamfuata, nikakaa. Mabenchi ya mbao, runinga moja, feni moja, na sauti ya mtafsiri imepandishwa juu ya sauti ya filamu. Kwa asiyejua, hawa watafsiri wetu, tangu enzi za Lufufu, hawatafsiri tu. Wanahadithia, wanaonya, wanatukana adui kwa niaba yako, wanakuongezea na maneno ambayo mwigizaji hakuyasema.

Huyu alimpa K-2SO, lile roboti refu jeusi la Dola lililobadilishwa programu likawa la waasi, sauti ya kondakta wa daladala. Ilimkaa kabisa. Kwenye filamu yenyewe Alan Tudyk anamwigiza kama mtu asiyejua kuficha anachofikiri: anakwambia uwezekano wa kufa kwako ni mkubwa, kisha anauliza kwa nini umekasirika. Kibanda kizima kilikuwa kinamngoja yeye aseme. Chirrut, yule kipofu mwenye fimbo aliyeigizwa na Donnie Yen, anayerudia maneno yale yale kuhusu Nguvu, ile wanayoiamini kama dini, kila hatari ikija, mtafsiri alimfanya kama mtu anayevuta uradi, kwa sauti ya chini, taratibu. Wazee wawili mbele yangu wakatikisa kichwa. Krennic, yule wa koti jeupe, akaitwa Bosi Nyoka tangu anaingia mpaka anakufa.

Sasa, mtu aliyelelewa na kibanda umiza anajua sheria moja kubwa kuliko zote: steringi hafi. Anapigwa, anazama, anatupwa ghorofani, lakini hafi. Kwa hiyo K-2SO alipokufa mlangoni mwa hifadhi ya kumbukumbu akiwazuia askari ili wenzake wapande, watu walisikitika lakini wakavumilia, roboti si steringi. Akafa Chirrut baada ya kutembea katikati ya risasi kwenda kuvuta swichi moja tu. Akafa Chirrut baada ya kutembea katikati ya risasi kwenda kuvuta swichi moja tu. Akafa Baze, rafiki yake Chirrut mwenye bunduki kubwa. Hapo minong'ono ikaanza. Kijana nyuma yangu akasema kwa uhakika kabisa, "Hao ni wasaidizi. Steringi yupo juu kwenye mnara." Na steringi, Jyn na Cassian, jasusi wa waasi, wakashuka kwenye mnara wakiwa hai, wakakaa ufukweni, wakakumbatiana, na ule mwanga wa Death Star ukaja juu ya maji ukawachukua.

Mtafsiri alikaa kimya. Mtu aliyekuwa anaongea kwa saa mbili bila kumeza mate, akakaa kimya. Kisha kijana wa nyuma akasimama akadai sehemu ya pili, kwamba lazima ipo, wameificha. Mwenye kibanda akamwambia aketi. Fundi wangu alikuwa keshatoroka, na mpaka leo pesa ile sijaiona.

Ufukwe huo una habari yake. Kwenye hadithi ni sayari ya Scarif, lakini picha zilipigwa Maldivi, kwa hiyo bahari wanayoifia ni Bahari ya Hindi, hii hii inayopiga kingo za Coco Beach. Minazi, mchanga mweupe, maji ya kina kifupi yenye rangi ya chupa. Ukiwahi kuvuka kwenda Mbudya siku ya Jumapili unaujua mwanga ule. Filamu za anga zimetuzoesha majangwa na barafu, mahali ambapo mtu wa pwani anaangalia tu kama mgeni. Hapa kwa mara ya kwanza niliona mtambo mkubwa wa chuma ukitembea kwa miguu katikati ya minazi, na nikaogopa kweli, maana minazi ile naijua.

Turudi kwenye ramani, hapo ndipo penye utamu wangu.

Mashabiki wa zamani walikuwa na mzaha mmoja: inakuwaje Dola ijenge chombo cha ukubwa wa mwezi halafu kilipuke kwa kupigwa kwenye kitundu? Rogue One inajibu. Galen alijua kwamba akikataa kuchora, watampata mwingine achore. Akakubali, akachora, na ndani ya mtambo akaacha udhaifu ambao ukiguswa tu milipuko inafuatana. Kitundu si uzembe wa mwandishi wa 1977 tena, kimekuwa kisasi cha baba mmoja. Nimeona filamu nyingi za kuongezea hadithi za zamani, na nyingi zinakuja kueleza mambo ambayo hakuna aliyeyauliza. Hii imechukua kituko ikakigeuza kuwa msiba, na ukirudi kuangalia ile ya 1977 sasa, ule mlipuko unauona kwa jicho jingine.

Nina shaka yangu ya kikazi. Hapa kwetu ramani ya chumba na sebule inapita kwa mhandisi, inapita kwa afisa afya, inarudishwa kwa sababu hukuonyesha mlango wa choo unafungukia upande gani. Dola inayotawala galaksi haikuwa na hata mtu mmoja wa kukagua kazi ya Galen? Krennic yeye kazi yake ni kuvaa koti na kugombania nani asifiwe. Ben Mendelsohn anamwigiza vizuri mno kwa sababu anamfanya mtu tunayemjua, bosi wa mradi ambaye hajawahi kushika penseli lakini siku ya uzinduzi amesimama mbele ya wote. Anakufa kwa silaha aliyoisimamia mwenyewe, akiwa chini anaitazama juu angani. Niliifurahia sana sehemu hiyo, na sioni aibu kusema.

Kisha ile hifadhi ya kumbukumbu. Ramani zimewekwa kwenye mnara, moja moja, kama kaseti za zamani kwenye rafu, na mtu inabidi apande kwa mikono akaichomoe. Vijana wanacheka kwamba ni ushamba kwa watu wenye vyombo vya kuruka kwenye nyota. Mimi sicheki. Ofisini kwetu ramani za kweli, zenye mihuri, ziko kwenye mabomba ya plastiki juu ya kabati, na kompyuta ilipokufa mwaka juzi ndizo zilizotuokoa. Na jinsi Jyn anavyoijua ipi ni ipi kati ya majina yote yale: baba yake aliipa ramani jina alilokuwa akimwita yeye utotoni, vumbi la nyota. Nilijisikia vibaya kidogo. Mafaili yangu yanaitwa "Nyumba ya Mzee Mpya Mwisho Kabisa 3". Nikifa leo, mwanangu hatapata kitu.

Wakishaipata, hawawezi kuondoka nayo, inabidi waitume kwa mawimbi, na ungo umekaa vibaya. Kwa hiyo steringi wa filamu iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1 duniani anapanda juu kwenye upepo kwenda kuugeuza ungo. Nani Dar hajawahi kupanda bati usiku wa mechi, mwenzake dirishani anapiga kelele, "Hapo hapo! Aah, umepita, rudisha"? Nilicheka peke yangu. Ila inavyochezwa haichekeshi hata kidogo. Kila mtu ana kijikazi chake kimoja, kuunganisha waya, kuvuta swichi, kugeuza ungo, na kila kijikazi kinagharimu mtu. Saa nzima ya mwisho imejengwa hivyo, tofali juu ya tofali, na sidhani kama kuna saa nyingine ya Star Wars iliyopangwa vizuri zaidi.

Saa ya kwanza ndiyo tatizo. Inarukaruka sayari hadi sayari, jina jipya kwenye kioo kila baada ya dakika chache, na kabla hujakaa umeshahamishwa. Kuna lile dude kama pweza la kusoma akili za watu, tunaambiwa linamwacha mtu akiwa kichaa, Bodhi anaingizwa kwake, na muda mfupi baadaye anazungumza kama kawaida. Sasa lililetwa la nini? Inajulikana kwamba filamu ilirudiwa kupigwa sehemu nyingi, Tony Gilroy akaitwa kusaidia, na kwenye matangazo ya mwanzo zilionyeshwa picha ambazo ndani ya filamu hazimo. Ule mshono unaonekana. Muziki nao ulibadilishiwa mtu karibu na mwisho, Michael Giacchino akapewa kama wiki nne na nusu tu. Kwa muda huo amefanya maajabu, ingawa mara kadhaa unahisi anataka kuuimba ule wimbo wa zamani halafu anakumbuka amekatazwa.

Na Tarkin, yule mkubwa wa Dola aliyekuwamo kwenye ile ya 1977. Mwigizaji wake, Peter Cushing, alifariki 1994. Wamemchukua mwigizaji mwingine, Guy Henry, wakamvika sura ya marehemu kwa kompyuta. Ukumbini kwenye giza nilipitiwa. Nyumbani, kwenye runinga safi, yale macho hayakai. Anaongea vizuri lakini hakuna mtu mle ndani. Wangemwonyesha kwenye kioo cha dirisha tu, kama wanavyoanza naye, ningeridhika.

Vader yeye hana dakika nyingi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sauti ni ya James Earl Jones, yule yule aliyekuwa Mufasa, kwa hiyo watoto wa nyumbani wakiisikia wanageuka wakitabasamu halafu wanashangaa mbona anaua watu.

Mara ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Ba'mdogo wangu alikuja mjini kutibiwa goti, akafikia kwetu Tabata. Ni mtu wa Kagera kwa maana zote mbili: amezaliwa huko, na 1978 alikuwa jeshini. Filamu hapendi, anapenda taarifa ya habari. Jioni moja nilikuwa nimeichomeka kompyuta kwenye runinga, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, akaniambia nimsomee. Nikawa Lufufu wa familia.

Alipotokea Saw Gerrera, kamanda mkongwe mwenye miguu ya bandia na mrija wa hewa, Ba'mdogo akainua kidole. "Huyu si Amin huyu?"

Ndiye. Forest Whitaker, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Idi Amin. Nikamweleza.

"Na miguu imefanyaje?"

"Vita, Ba'mdogo."

"Amepata malipo yake," akasema, akaegemea kiti.

Tangu hapo akawa anaangalia kama mkaguzi. Waasi walipokaa kikao, wakubwa wakagombana, wakakataa kwenda Scarif, na askari wachache wakaondoka bila amri, akasema jeshini hakuna hiyo, ungelala mahabusu. Nilijua atachoka. Lakini kuna pale Cassian, ambaye mwanzoni kabisa tumemwona akimpiga risasi mtoa habari wake mwenyewe kwa sababu mkono wake mbovu usingemwezesha kukimbia, anamwambia Jyn kwamba wao wote wamefanya mambo mabaya kwa ajili ya mapambano, na wakiacha sasa, mambo hayo yatakuwa hayana maana. Nilimsomea polepole. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Diego Luna hapo anaongea bila kupandisha sauti, na ni kutokana na mtu huyu walikuja kutengeneza tamthilia ya Andor, misimu miwili, 2022 na 2025, vipindi 24. Nayo itafute ukimaliza hii, hata kama mambo ya anga si yako.

"Huyo anasema kweli," Ba'mdogo akasema baadaye, tukiwa tumeshafika sehemu nyingine kabisa.

Mimi kwa sasa naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja imeliwa na pweza. Tazama mwanzo wote, usichelewe, na kama una rafiki ambaye hajawahi kuona Star Wars hata moja, anzia hapa, hatapotea, kwa sababu Ba'mdogo hakupotea. Mwisho wake unaishia dakika chache tu kabla ile ya 1977 haijaanza: kisahani chenye ramani kinapitishwa mkono kwa mkono kwenye upenyo wa mlango uliokwama, anayekitoa anakufa, anayekipokea anakimbia, mpaka kinamfikia Leia, binti mfalme wa upande wa waasi.

Majina yalipoanza kupanda, Ba'mdogo akauliza kama ramani ile ilifika.

"Ilifika. Inayofuata wanalilipua lile dude."

"Na hawa wa ufukweni, kwenye hiyo inayofuata wanatajwa?"

"Kwa majina? Hapana."

"Hata yule kipofu?"

"Hata yeye."

Akatafuta kandambili zake chini ya kiti kwa mguu mzima, akasimama taratibu, akaenda kuangalia kama geti limefungwa.